Viti Vilivyobaki Ugalla

Baba yangu alichagua gari kama anavyochagua ng'ombe wa kuchinja. Alilizunguka kimya kimya, akainama kulitazama tumboni, akabonyeza matairi kwa dole gumba, kisha akasimama mbele ya taa na kulikodolea macho mpaka mwalimu aliyekuwa analiuza akaanza kuona aibu. Baba ana bucha pale Makanyagio. Hata shati hanunui bila kulipapasa mgongo kwanza.

Mama hakuwa na habari na tumbo wala matairi. Alivuta ule mlango wa pembeni, akatuamuru watoto wote tuingie. Mimi Mariana, wa kwanza, nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne na nilijiona mkubwa mno kwa maigizo hayo, lakini niliingia. Shadrack akakaa dirishani. Elia akalilia dirisha la upande wa pili mpaka akapewa. Helena, kitinda mimba, ambaye alikuwa ndiyo anaanza kusimama dede, akawekwa katikati. Mwisho mama mwenyewe akaingia, akafunga mlango, akatulia humo ndani huku mwalimu na baba wakimchungulia kupitia kioo.

"Hili hapa," akasema alipotoka. "Kila mtu amekaa kwenye kiti chake. Hakuna aliyepakatwa."

Ilikuwa Noah ya kijivu, yenye mkwaruzo mmoja mlangoni na harufu ya chaki. Mwalimu alikuwa amehamishwa na hakutaka kusafiri nayo mbali. Kabla ya hapo nyumbani kulikuwa na ubishi wa wiki nzima. Baba mkubwa Enoka, kaka yake baba, alitaka tununue pikapu, kwa sababu kwake gari lisilobeba mzigo ni pambo. Baba alikuwa anaelekea kukubali. Mimi nilitaka kigari kidogo kile cha kisasa wanachoendesha akina dada wa benki, nikaambiwa ninyamaze. Mama ndiye aliyeshika msimamo: gari la nyumba hii ni la watoto kukaa, si la kulundika. Akashinda. Leo najuta kwamba alishinda. Tungenunua kile kigari changu, kisichotosha hata mbuzi, hakuna ndugu ambaye angekuja kukiazima.

Inabidi nieleze gari lilitokana na nini. Baba anaitwa Ndaki, Msukuma, na ukoo wao walihamia Ugalla na mifugo kabla mimi sijazaliwa. Ng'ombe wake wote wanakaa huko kwa baba mkubwa, kundi moja na wa ndugu wengine. Alipotaka gari alikwenda kuomba, wakakaa kikao, wakakubali ng'ombe wauzwe. Alirudi anacheka. Kitu kimoja hakutuambia, kwa sababu kwao kitu hicho hakisemwi, kinajulikana tu: kilichotoka kwenye kundi ni cha kundi.

Mama yeye, Fausta, ni Mpimbwe wa Kibaoni. Baba yake, Babu Telesphor, ni mkulima wa mpunga na mtu wa rozari asubuhi na jioni, lakini katikati ya hizo rozari mbili ana mdomo. Siku alipokuja baba kumposa mama, kijana wa ng'ombe, amevaa makubadhi ya matairi, Babu alimpokea vizuri. Ila miaka ilivyopita akawa anamtania kila wakionana: "Msukuma, binti yangu ulimwondoa hapa kwa baiskeli. Wajukuu uniletee kwenye kitu chenye paa, wote, mlango mmoja." Watu walikuwa wanacheka, na baba naye anacheka. Kumbe neno lile lilimwingia. Watu wa aina ya baba hawatukaniki kirahisi, lakini utani wa ukweni wanaubeba kama wamebandikwa mgongoni.

Wakati huo tulikuwa tunakwenda Kibaoni na basi. Tulikwenda kwa mafungu, kwa sababu mama asingeweza kutudhibiti sote ndani ya basi, huyu anatapika, huyu analia kushuka. Pasaka hii mimi na Elia mgongoni, Krismasi ile Shadrack. Tulifika na vumbi mpaka kwenye kope, Babu anatungoja, bibi ameshapika wali. Hatukuona shida.

Bibi alifariki mama akiwa na mimba ya mwisho. Jina la bibi lilikuwa Helena. Mtoto alipozaliwa akawa na vishimo mashavuni, vile vile vya bibi, na lile paji la uso lililotokeza kidogo. Mama alimpigia Babu simu, analia na kucheka. "Baba, mama amerudi." Babu akasema, bila utani wowote: "Mlete nimwone."

Mjomba Wiliam, mdogo wake mama anayekaa na Babu, alitumiwa picha kwenye simu yake. Babu akaigeuza geuza juani, akamrudishia. Alisema mtu kwenye kile kioo amekuwa mdogo kama kisoda, yeye anamtaka wa kweli.

Basi gari lilinunuliwa kwa ajili hiyo. Helena angefikishwa kwa Babu pamoja na sisi wote, mlango mmoja, chini ya paa. Wiki za mwanzo nyumbani kulikuwa na raha ambayo sijaiona tena. Baba alikuwa anaosha gari mwenyewe kila Jumamosi, suruali imekunjwa magotini, majirani wanamsalimia kwa sauti ya heshima. Jioni alikuwa anatuzungusha mjini mpaka stesheni ya reli na kurudi. Kila tulipopanda mama alimwambia Helena, "Tutakwenda kwa Babu na gari," mpaka mtoto akaamini kwamba gari ndiyo jina lake Babu. Akiliona tu ananyoosha kidole: "Babu!"

Safari ilipangwa Pasaka. Alhamisi Kuu, nguo zimeshapigwa pasi, baba mkubwa Enoka akashuka kwenye pikipiki mlangoni kwetu, na vumbi la Ugalla limemjaa mpaka masikioni.

"Ndaki," akasema baada ya uji, "nimekuja kuchukua maksai."

Baba alielewa kabla sisi hatujaelewa. Kwao msimu wa kulima ukifika, mwenye maksai hamnyimi ndugu yake. Unampa, anakwenda kulima naye, anamlisha, anamrudisha. Hakuna kodi wala asante ndefu. Anayenyima maksai siku ya shida yake atalima kwa mkono.

"Kaka, Pasaka hii tunakwenda ukweni," baba akajibu, sauti imeshapungua.

"Ukweni kunahama? Asali iko kwenye madumu, mnunuzi anakuja Jumatatu. Ukiniambia hapana, nitaelewa."

Baba mkubwa akisema ataelewa, mtu mzima anatoka jasho. Baba alitoa ufunguo. Mama alikuwa anasimamia sufuria jikoni, na nilimwona anakaza taya, lakini mbele ya shemeji hakusema. Alisema baada ya mgeni kuondoka, na alisema yote. Mimi nikadhani nina jibu.

"Si twende na basi kesho?"

"Nimeshawaambia Kibaoni nzima tunakuja na gari," mama akanigeukia. "Nishuke stendi na vifurushi vyangu, waseme gari nililiota?"

Pasaka ile tulikula nyumbani, nguo za pasi zimerudi kabatini.

Gari lilirudi likinuka nta, na sukani inanata. Baba mkubwa alitoa ufunguo kwa mikono miwili, uso umekunjuka. "Nimemlisha, ameshiba," akasema, na kweli mshale wa mafuta ulikuwa juu kabisa. Kwa akili yake alikuwa ametenda haki kuliko wengi. Alileta na dumu la asali kwa ajili ya watoto.

Baada ya hapo lilikwenda Sibwesa kubeba mahindi ya shangazi. Lilikwenda kwenye harusi ya mtoto wa binamu. Lilikwenda tena Ugalla. Siwezi kusema lilifanya mabaya. Kuna mama mmoja huko porini lilimwahi kwa uchungu, likamfikisha hospitali, na mtoto yupo. Nani angesema hapana kwa hilo? Kila lilikokwenda lilirudishwa na tenki limejaa. Kila aliyelirudisha alisema limeshiba.

Simu ya mjomba Wiliam ilikuja watu wakiwa wanavuna mpunga. Babu alikuwa ameanza kujigonga kwenye miimo ya milango. Mjomba akampeleka Sumbawanga kwa daktari wa macho, akaambiwa ni presha ya macho, imekaa muda mrefu kimya kimya. Kilichopotea hakirudi. Wamempa dawa ya matone ya kuchelewesha kilichobaki.

"Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba," mjomba akasema. Mama alikuwa ameweka simu sauti ya juu, tukasikia sote. "Anasema asipomwona Helena kabla bomba halijaziba, basi. Dada, mlete huyo mtoto."

Baba alisimama pale pale. Akapiga simu Ugalla, akataka gari, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akimkatisha kaka yake maneno. Jumamosi lilikuwa nyumbani. Jumapili baada ya misa ya kwanza tukaingia, kila mtu kwenye kiti chake kama mama alivyopanga. Baba alikuwa ameweka mguu wa nyuma mzima wa ng'ombe kwenye beseni kwa ajili ya mkwewe. Tuliimba.

Hatukufika hata Sitalike. Mshale wa joto ulipanda, baba akasema utashuka, haukushuka, kisha moshi mweupe ukatoka mbele na gari likazima lenyewe. Tulishuka tukakaa kwenye nyasi kando ya barabara. Baba akampigia Pacifique, fundi wa karibu na bucha, aje na pikipiki.

Tulipokuwa tunamsubiri, basi la Kibaoni likatokea. Lilikuwa na nafasi. Niliona viti vitupu kupitia madirisha. Likapunguza mwendo, konda akaning'inia mlangoni.

"Kibaoni, Usevya! Mzee, imekuzingua? Leteni watoto, twende!"

Mama alimtazama baba. Alikuwa ameshamshika Helena kiunoni, na mguu mmoja ameutanguliza barabarani. Mimi nilikuwa nimeshainua beseni la nyama.

"Tunangoja fundi," baba akamwambia konda.

"Baba Mariana," mama akasema kwa sauti ya chini, "tutangulie sisi. Wewe utakuja."

"Fundi yuko njiani. Ni maji tu yameisha. Mnataka nifike ukweni peke yangu, ninyi mmeshuka kwenye basi? Nitasema nini?"

Konda alipiga bati, basi likaondoka. Mama angeweza kupanda. Hakupanda, na nadhani naye moyoni alikuwa anaiona ile picha ya gari linaingia uwanjani kwao, majirani wanatoka nje. Mimi nilirudisha beseni chini. Inzi walikuwa wameshaanza.

Pacifique alifungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakinusa.

"Mzee, hii lami. Oili mlimwaga lini mara ya mwisho?"

"Kaka alikuwa anajaza," baba akajibu.

"Anajaza nini?"

"Mafuta. Halijawahi kurudi na njaa."

Pacifique alicheka, akaona baba hacheki, akaacha. Rejeta ilikuwa kavu. Kwa ng'ombe mambo haya yanaeleweka: anayekaa naye anamlisha, na mwenye ng'ombe anahakikisha amepelekwa josho, anamkagua kupe, anajua kama amekonda. Baba hajawahi kusahau siku ya josho maishani mwake. Lakini ng'ombe huyu alikuwa hamwoni. Kila mmoja alijua mwenzake amelitazama, na kila mmoja alilijaza mafuta akajisikia mwema. Injini ilikuwa imekufa.

Kulifufua kulihitaji ng'ombe mwingine kutoka kwenye kundi. Ndugu walikubali bila kinyongo, na hapo ndipo baba alipofungwa kabisa, maana sasa gari lilikuwa la kundi kuliko mwanzo. Pacifique alipomaliza kulitengeneza, baba mkubwa akaja. Mvua zilikuwa karibu. Alikuwa na asali ya mwisho ya msimu na mizinga mipya ya kupeleka ndani porini. Alisema safari hii atamwaga oili mwenyewe, amefundishwa. Baba alitoa ufunguo bila kumtazama mama.

Lilirudi na oili safi kabisa. Maji yapo, tenki limejaa. Baba mkubwa alikuwa anajivunia kila kitu, hata amelipaka mafuta matairi yang'ae. Mama akavuta mlango wa pembeni.

Ndani hapakuwa na viti. Vya katikati vilikuwa vimefunguliwa, na vya nyuma pia, imebaki sakafu ya bati yenye mashimo ya bolti na maganda ya miti.

"Viti viko wapi, shemeji?" mama akauliza.

"Viko nyumbani, salama. Mizinga haikuenea." Akaona uso wa mama. "Nitavileta safari ijayo. Havina shida, shemeji, vimekaa pakavu."

Safari ijayo haikuwepo. Mvua ilifungua usiku ule ule na haikupumzika. Mito ikajaa na njia ya kwenda kwao ikawa tope. Krismasi ikafika tukiwa na gari zima lisilo na pa kukaa. Mama akapendekeza godoro. Baba akakataa, akasema hawezi kumpelekea mzee wajukuu wamekaa chini kama mahindi.

"Basi kesho mimi na Helena tunapanda basi," mama akasema. Alisema wima, mikono kiunoni. "Nyie bakini na gari lenu."

Nilifurahi. Nilikwenda kumfungia Helena nguo zake. Lakini baba alimfuata mama ndani, na kuta zetu ni nyembamba.

"Mama Mariana, nipe mpaka maji yapungue. Ukienda na huyo mtoto mmoja na basi, mimi kule nimekwisha. Wiliam anasema mzee bado anaona kidogo. Nakuomba."

Sikuwahi kumsikia baba akiomba. Mama naye, nadhani, hakuwahi. Alitoka akachukua kile kifurushi mikononi mwangu, akakifungua, akarudisha nguo moja moja. Nampenda mama, na ninajua ni vigumu kumkatalia mtu anayekuomba hivyo. Hata hivyo, kwa jambo hili moja bado nashindwa kumsamehe.

Maji yalipopungua nilikwenda na baba Ugalla kuvifuata viti. Nilikaa mbele, na nyuma yetu gari lilikuwa linapiga kelele kama debe tupu. Tulivikuta kwa baba mkubwa vimepangwa chini ya upenu wa nyumba, vimetandikwa vitambaa vya kufuma. Wageni wa heshima walikuwa wanakalishwa hapo. Kimoja kilikuwa na kuku aliyelalia mayai, na mke wa baba mkubwa akatuomba tusubiri kidogo amhamishe vizuri asije akasusa. Hapakuwa na mtu mbaya pale, na hilo ndilo linalonichosha. Kila niliyetaka kumkasirikia alikuwa ananiletea maziwa.

Tulifunga viti. Baba alikaza kila bolti mwenyewe, anakaza na kurudia kukaza, mpaka baba mkubwa akamwambia inatosha. Wiki ile mjomba Wiliam alipiga simu. Mama alisikiliza, akasema "ndiyo" na "ndiyo" tena, akakata. Hakutuambia amesema nini. Alisema tu kwamba tunaondoka kesho, na kwamba tusimsumbue baba kwa maswali njiani.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri, na uzuri wake unaniuma kuliko kingine chochote. Gari lilikwenda kama halijawahi kuugua. Sitalike tulisimama darajani Elia na Shadrack wakatazama viboko wamelundikana kwenye tope. Ndani ya hifadhi tulifunga vioo kwa ajili ya mbung'o, tukaimba, twiga wakavuka. Hakuna aliyepakatwa. Helena alilala kabla hatujatoka hifadhini, kichwa kwenye mkanda, mdomo wazi. Baba alikuwa anamtazama kwenye kioo cha juu kila mara.

Kibaoni majirani walitoka nje, kama tulivyotaka sote. Mjomba Wiliam alikuja kutupokea uwanjani. Alipeana mkono na baba, akasema neno moja la karibu, kisha akamvuta mama pembeni, nami nilikuwa karibu.

"Alikuwa anakwenda stendi," akasema. "Asubuhi, muda wa basi. Alipokuwa bado anaona njia alikwenda mwenyewe; ilipokuwa mbaya akaniomba nimshike mkono. Nilimwambia mtakuja na gari. Akasema watoto wa Fausta wanakuja na basi siku zote."

Mama alifunga macho. Baba alikuwa ameinama ndani ya gari, anamfungua Helena mkanda taratibu asiamke. Sijui kama alisikia.

Sisi tukatangulia ndani. Babu alikuwa amekaa kwenye stuli, amevaa shati la misa, amegeuza uso kuelekea mlangoni lakini si kwetu hasa, pembeni kidogo yetu. Alikuwa amekonda. Mama alipiga magoti akamsalimia, na Babu akamshika kichwa, akamwambia amenenepa, tukacheka wote, kicheko kirefu kuliko maneno yale.

"Na mke wangu Mariana yuko wapi?" Nikampa mkono. Akanishika vidole vyote. Akauliza Shadrack, akampata begani, akastaajabu urefu. Kisha akaacha utani. Akafuta viganja kwenye suruali yake kama mtu anayetaka kupokea sakramenti.

"Haya. Nipeni Helena."

Helena alikuwa bado kwenye gari na baba. Mama alifungua mdomo aseme hivyo. Lakini Elia, ambaye ni mdogo wa umbo na ana kiherehere, alikuwa amesimama mbele kabisa ya stuli akimshangaa Babu, na mikono ya mzee ilipotangulia ikamkuta yeye. Ikamshika mashavu.

Elia hajawahi kutulia, hata kanisani. Pale alitulia. Vidole vya Babu vilipita kwenye paji lake la uso, vikashuka, vikazunguka mashavuni vinatafuta, vikarudi, vikatafuta tena. Elia hana kishimo hata kimoja. Babu akabonyeza kidogo kwa kidole, pale ambapo kingekuwa. Machozi yakaanza kumtoka kwenye yale macho yasiyofanya kazi.

"Ndiye," akasema. "Ndiye mwenyewe. Hakuna mlichobadilisha."

Mjomba Wiliam alitazama chini. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, na nilitamani mtu yeyote aseme, au nife, au Elia apige chafya. Ndipo kivuli kikaziba mlango. Baba alikuwa amesimama pale, Helena amelala begani kwake, mikono ya mtoto inaning'inia mgongoni. Alitazama stuli. Alimtazama Elia mikononi mwa mkwewe, na akaelewa, nilimwona akielewa.

Babu akasikia hatua. "Ndaki? Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Asante, mwanangu."

"Nisamehe, baba. Nimechelewa."

"Nikusamehe nini, Msukuma?" Babu akacheka, anamvuta Elia kifuani. "Si umemleta."

Helena aliguna usingizini na kugeuza kichwa, na baba akavuta khanga ya mama iliyokuwa begani mwake, akamfunika mtoto uso, polepole, asije akaamka.